Boksi la Sabufa Lililopimwa kwa Ndengu

Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, kwa hivyo anayetafuta maneno matamu atafute kwingine. Nataka kuandika jambo nililomfanyia mjukuu wangu. Nimeliombea mara nyingi na bado halijanitoka.

Mjukuu huyu ni msichana, mtoto wa binti yangu wa kwanza. Nimemlea tangu akiwa na miaka sita, hapa nyumbani kwangu upande wa Kasikeu, na huniita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba. Alipomaliza shule nilimwambia asomee ushonaji, kwa sababu nguo watu watavaa tu, mvua inyeshe isinyeshe. Yeye akaenda chuo cha ufundi akasomea umeme. Nilifikiri yatapita. Hayakupita. Alirudi na cheti, na kichwa chake chote kimejaa habari za muziki wa magari.

Muziki wa magari sijawahi kuupenda. Hawa vijana wakipita hapa barabarani, vikombe vinatetemeka mezani na kuku wanakimbia. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo kazi ya mtoto aliyelelewa kanisani. Akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba spika haijui kama inaimba injili au inaimba dunia, yenyewe inafanya kazi ya sauti tu. Nikamtuma kuni.

Makindu kuna fundi anayefunga muziki kwenye magari, pale kando ya barabara kuu. Mjukuu wangu alimwendea akaomba kazi. Yule fundi hakutazama cheti. Alimwonyesha gari dogo la mteja, akamkabidhi spika ya inchi kumi na mbili, ile ya sauti nzito wanayoiita sabufa, akamwambia atengeneze boksi la kukaa kwenye buti la nyuma, la lita arobaini, lenye tundu la hewa. Likiimba vizuri, anaanza kazi. Likikataa, asirudi. Vijana wawili walikuwa wamejaribu kabla yake wakashindwa, na msichana hakuna aliyekuwa amejaribu.

Alirudi nyumbani na spika mapajani kama amebeba mtoto, na daftari limejaa michoro. Wiki ile yote uwanja wangu ulikuwa vumbi la mbao. Alinunua mbao nzito zile za kushindiliwa, akazikata kwa msumeno wa mkono wa marehemu babu yake. Mimi nilishika upande wa pili. Sikutaka kushika, lakini mbao zile ni nzito, na mtu akikata peke yake zinachanika.

Nilikuwa nafikiri boksi ni boksi, pande sita kama sanduku la shule. Lile halikuwa hivyo. Nyuma lililala, kwa sababu kiti cha gari kimelala. Kona moja ilikatwa kwa sababu pale chini kuna uvimbe wa gurudumu. Ndani kulikuwa na ubao unaoanzia mbele, unaenda, halafu unakunja kona, na kati ya ubao huo na ukuta wa boksi ndipo hewa inapopita na kutoka nje. Njia hiyo wanaiita poti. Urefu wake una hesabu yake na upana wake una hesabu yake. Alikata ubao ule wa poti mara moja tu, lakini aliupima mara tano.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo na tundu. Akachukua chupa ya lita moja, akaweka maji kidogo, akapuliza mdomoni. Ikatoa sauti nene. Akaongeza maji, akapuliza tena, sauti ikapanda ikawa nyembamba.

"Umesikia, Susu? Hewa ikipungua ndani, sauti inapanda. Boksi likiwa dogo kuliko hesabu ya poti, ile sauti ya chini kabisa inapotea, na spika inabaki kujirusha bure."

Nilimwambia nimesikia. Nimeandika hapa kwamba nilisikia ili mtu asije akasema mama mzee hakuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Sasa lazima nieleze habari ya gorogoro zangu.

Ninauza ndengu, mahindi na kunde, miaka mingi sasa. Nilianzia Kabati, kule Kitui nilikozaliwa, kabla ya kuhamia huku Makueni. Gorogoro ni ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao sokoni ndio kipimo chetu. Ukijaa, watu wanajua ni kilo mbili, na kwa maji ni lita mbili. Mwaka mmoja wa njaa kule Kabati, wanawake niliokuwa nakaa nao walinionyesha namna ya kuamsha kitako. Unaugeuza mkebe, unaugonga chini kwa mchi, taratibu, mpaka kitako kinaingia ndani kama mgongo wa kobe. Ukijaza ndengu mpaka juu na kuweka kilima, hakuna anayeona. Mwaka ule tulisema ni kwa sababu ya njaa. Mvua ikarudi, na mimi sikurudisha kitako.

Nilikuwa na gorogoro mbili. Moja ya kununulia kwa wakulima, hiyo ni nzima. Nyingine ya kuuzia. Nimekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, nimesimama mbele yao nikafundisha habari ya uaminifu, halafu Jumatatu nikashika ile ya kuuzia. Sikuwa naona shida. Mkono ukizoea kitu haukuulizi.

Boksi lilipokwisha kuunganishwa, gundi imekauka na skrubu zote zimeingia, mjukuu wangu alitaka kuhakikisha lita za ndani. Kwenye karatasi alikuwa amepata arobaini kamili. Lakini boksi lilikuwa na mlalo na kona iliyokatwa, na hakuiamini hesabu yake mwenyewe. Alisema mafundi wengine hupima kwa kumimina kitu ndani. Maji yangeharibu mbao. Akatazama magunia yangu.

"Susu, niazime ndengu. Na gorogoro."

Siku hiyo jirani yangu alikuwa ameketi pale uwanjani. Tunasali naye kanisa moja, na alikuwa amekuja kununua ndengu za nyumbani kwake. Gorogoro ya kuuzia ilikuwa mikononi mwangu. Ile nzima ilikuwa nyuma ya mlango wa stoo, hatua sita tu. Ningesema ngoja nikuletee nyingine. Lakini jirani angeuliza kwa nini, nyingine ina nini. Nikampa niliyokuwa nimeshika.

Alililaza boksi, shimo la spika likaangalia juu. Poti aliiziba kwa kitambaa kutoka ndani, kwa sababu nafasi ya poti haihesabiwi. Akaanza kumimina, mimi nikihesabu naye na jirani akihesabu kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, kama mtu aliyelipwa. Ishirini ilipofika, boksi halijajaa. Ishirini na mbili. Ishirini na nne ndipo lilipojaa.

Mjukuu wangu alikaa chini akarudia hesabu yake kwenye daftari. Akarudia tena. Karatasi inasema lita arobaini, ndengu zinasema arobaini na nane. Niliona uso wake unabadilika, anajitafuta kosa. Halafu akafanya jambo ambalo fundi mzuri lazima afanye. Aliigeuza gorogoro akaitazama ndani, akanyoosha mkono akachukua ile chupa ya lita moja.

"Wacha nipime hii na maji mara moja, Susu. Tujue kama ni lita mbili kamili."

Sijui kama naweza kueleza kilichonipata. Jirani alikuwa ameacha kuhesabu na anatazama. 

"Umekua mpaka unapima gorogoro ya nyanya yako?" nikamwambia.

Jirani akacheka. "Mwiitu, msichana wewe, hiyo gorogoro imetulisha sote hapa. Ukikosa kumwamini susu wako utamwamini nani, fundi wa Makindu?"

Kwetu mtoto hapimi kipimo cha mzazi wake mbele ya watu. Ni kama kumwita mwizi. Nilijua hilo, na ndilo nililolitumia. Mjukuu wangu aliweka chupa chini.

"Pole, Susu," akasema.

Aliniomba radhi. Mimi nikaipokea.

Basi akaamini kwamba boksi lake ni kubwa mno. Siku mbili zilizofuata alikata vipande vya mbao, akaingiza mkono kwenye shimo la spika mpaka kwapani, akavibandika ndani kwa gundi na skrubu ili nafasi ipungue. Alipomimina tena, zilijaa gorogoro ishirini. Akafurahi. Nyumbani hatuna amplifaya ya kulijaribia, kwa hivyo hakuna aliyesikia kitu. Alilivisha zulia jeusi, akalipeleka Makindu kwa pikapu ya mchuuzi wa nyanya za sokoni. Nilimwombea safari njema. Mdomo huu huu ulimwombea.

Jioni ile ile alirudi nalo.

Aliniambia machache tu. Kwamba fundi aliliwasha, akasikiliza kidogo, akazima. Sauti ilikuwa inabweka mahali pamoja, na mlio ukishuka chini spika inapiga kama mlango uliolegea. Fundi akapima kwa njia zake akamwambia hizi si lita arobaini, hazifiki hata thelathini na tano. Akamuuliza amepimaje. Akajibu amepima kwa ndengu. Vijana wote pale wakacheka, na fundi akamwambia hapa tunatengeneza muziki, hatupiki muthokoi.

Nilimwekea chakula, akala kidogo. Gorogoro sikuitaja. Nilijiambia kwamba huenda Mungu mwenyewe anamrudisha kwenye ushonaji, nikafanya Mungu kuwa mshirika wangu. Wiki nzima nilikaa hivyo. Yeye alianza kwenda kufulia watu nguo sokoni. Boksi lilikaa sebuleni, na kuku alianza kulala juu yake. Mjukuu wangu hakumfukuza.

Ilikuwa asubuhi nilipomkuta jikoni akiwasha moto wa chai. Kuni zilikuwa mbichi, na alikuwa anachana daftari lake, ukurasa mmoja mmoja, anaingiza chini ya kuni. Mimi sisomi hesabu zile, lakini namba najua. Ukurasa aliokuwa ameshika ulikuwa na arobaini imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu.

"Usichome huo," nikamwambia. "Hesabu yako ilikuwa sawa."

Alinitazama kama mtu anayengoja mzaha uishe.

"Boksi lilikuwa arobaini," nikasema. "Gorogoro ndiyo mbovu. Imegongwa kitako. Niliigonga mwenyewe kule Kabati, wewe hujazaliwa."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile. Ukiwa umeshika chupa."

Moto ulizimika na hakuna aliyeushughulikia. Alitoka nje, akaja na ile gorogoro na chupa na ndoo ya maji, akapima mbele yangu, pale jikoni, na mimi nimesimama. Chupa moja iliingia yote. Ya pili haikuingia yote. Alimimina polepole, maji yakafika mdomoni mwa mkebe na chupa bado ina maji. Akaandika ukingoni mwa ukurasa ule ule. Kisha akasema, akitazama karatasi, si mimi:

"Nilifikiri mimi ndiye mjinga."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Watu nimewapunja ndengu na ninajua ni dhambi, na nitakuja kwenye hilo. Lakini ndengu zinaisha tumboni. Huyu nilimpunja akili yake mwenyewe. Alikuwa amejua kitu, na mimi nikamfanya aache kukijua.

Vipande alivyobandika vilitoka kwa shida. Alilaza boksi akaingiza mkono na patasi kwenye shimo, akapiga bila kuona, kwa kupapasa. Mimi nilikalia boksi ili lisisogee, maana nguvu za kulishika sina. Siku ya kwanza skrubu zilimchana mkono wote. Nilitaka kumpaka mafuta, akasema atajipaka. Siku ya pili kipande cha mwisho kikaachia. Akaziba matundu ya skrubu kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, akapiga msasa. Halafu akaenda mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo akachukua ile gorogoro nzima. Akaipima kwanza kwa maji, akaipangusa, akamimina. Ishirini, na chembe chache zikamwagika.

"Kesho tunaenda Makindu," akaniambia. "Na Susu, utasema wewe mwenyewe. Mimi nikisema wataona nakusingizia."

Nilivaa nguo ya kanisani. Sijui kwa nini. Labda nilitaka aibu inikute nikiwa nadhifu.

Yule fundi ni mtu wa makamo, mwembamba, ana kalamu nyuma ya sikio. Alipotuona na boksi alianza kutikisa kichwa kabla hatujafika. Alimwambia mjukuu wangu kwamba walishamalizana. Mimi nikaenda mbele, nikatoa gorogoro ya kuuzia kwenye kiondo, nikamwekea juu ya meza yake katikati ya nyaya.

"Huyu mtoto hesabu yake ilikuwa sawa tangu mwanzo," nikasema. "Kipimo ni changu. Niligonga kitako ili niuzie watu pungufu, na alipotaka kukijaribu nilimzuia kwa sababu niliona aibu. Kama kuna mtu wa kuchekwa hapa, mcheke mimi."

Wale vijana waliacha kazi. Fundi aliichukua gorogoro, akaingiza kidole ndani, akapapasa kile kitako. 

"Shosho," akasema, "mimi ndengu za nyumbani kwangu zinatoka Kasikeu."

Hapo walicheka, na haki yao. 

Hakumwambia mjukuu wangu pole. Alisema tu, haya, lete tuone. Gari la kwanza lilikuwa limeshaondoka, mteja alichoka kungoja akapelekea mtu mwingine kazi. Wakaliweka boksi kwenye buti la gari la fundi mwenyewe. Mjukuu wangu alifunga spika, akaunganisha nyaya, akakaza skrubu ya mwisho. Fundi akaweka mlio mmoja tu, si wimbo, mlio, akawa anaushusha kidogo kidogo. Nilingoja ule mlango uliolegea. Haukuja. Sauti ilishuka mpaka sikuisikia tena kwa masikio, niliisikia kwenye mbavu. Fundi aliinama akaweka kiganja mbele ya poti, pale hewa inapotokea, akakiacha hapo.

"Jumatatu," akamwambia. "Saa mbili. Na usinipimie kitu kwa chakula."

Njiani kurudi mjukuu wangu aliangalia nje ya dirisha mpaka Emali. Nilidhani angekuwa na furaha ya kuzungumza. Labda alikuwa nayo, lakini si ya kunipa mimi.

Sasa anafanya kazi Makindu, amepanga chumba huko. Jumapili mbili kwa mwezi anakuja. Ananiheshimu kama zamani, ananiletea sukari, ananisomea Neno kwa sababu macho yangu yamechoka. Lakini nikimwambia chai imeshawekwa sukari, anaonja kwanza. Nikimwambia mlango nimefunga, anaenda kuusukuma. Hafanyi hivyo kwa ubaya, nafikiri hata hajui kwamba anafanya. Mimi ninajua, kila mara.

Sokoni ninatumia gorogoro ile nzima kununua na kuuza. Nilianza tu, bila kumwambia mtu. Jumapili iliyopita jirani yangu alikuja baada ya ibada kuchukua ndengu zake. Alizipokea akapima mfuko kwa mkono, akasema siku hizi naona gorogoro yako imekuwa na baraka. Nikamjibu kwamba ndengu za msimu huu ni nzito, mvua ilikuwa nzuri.

Lilinitoka hivyo hivyo, laini, bila kufikiri.

Mjukuu wangu alikuwa anaosha vikombe karibu na tangi. Mikono yake ilisimama ndani ya maji. Hakugeuka.

Nikavuta kiti, nikamwambia jirani akae, kwamba sababu haikuwa mvua. Nikamwambia yote, kuanzia Kabati, na siku ile ya boksi aliyokuwa anahesabu kwa sauti, na jinsi alivyonisaidia kumzuia mtoto asipime bila yeye kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoinuka aliacha mfuko wa ndengu juu ya kiti, akaenda zake bila kuaga. Bado hajarudi kununua, na akina mama wengine wawili pia wameacha. Wiki hii wazee wa kanisa wameniita.

Mjukuu wangu alimaliza vikombe, akavipanga kwenye uchanja, akakausha mikono.

"Susu," akasema, "nisindikize stendi."

Tulitembea. Hakunishika mkono, lakini alipunguza mwendo wake nikamfikia.